Nani Amvue Atupele Jezi?

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii ina mwanzo na ina katikati, ila mwisho wake haukupatikana. Mwisho mtautafuta ninyi, na mkigombana kwa ajili yake, mgombane kwa adabu.

Walikuwapo wanawake watatu mjini Mbeya. Wa kwanza alijua kurusha. Wa pili alijua kutembeza. Wa tatu alijua kusimamisha kilichoanguka. Hawakuwa ndugu, hawakuwa marafiki, na kwa miaka mingi kila mmoja alimjua mwenzake kwa jina tu. Kilichowaunganisha ni binti mmoja, Atupele Mwambene, ambaye ukimtaja kwenye uwanja wa mpira wa kikapu kuanzia Maputo mpaka Kigali, watu wataacha kumenya karanga wakusikilize.

Atupele alicheza kikapu cha kulipwa nje ya nchi kwa misimu kumi na miwili. Kisha akarudi nyumbani kucheza msimu mmoja wa kuaga na klabu iliyomkuza, Malkia wa Loleza, iliyochukua jina la mlima ule unaouchungulia mji. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Hakuwa na kinyongo na mtu wala na mchezo. Alikuwa ameshiba kikapu, kama mtu anavyoshiba chakula kizuri akasogeza sahani, na alitaka jambo moja tu: kushukuru vizuri. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Klabu ya Malkia wa Loleza ina desturi ambayo huikuti kwingine. Mchezaji anayestaafu havui jezi mwenyewe. Mchezo wake wa mwisho ukiisha, anasimama katikati ya uwanja, ndani akiwa amevaa fulana, anapewa kipaza sauti, na anamwita kwa jina mtu aliyemfanya akawa mchezaji. Mtu huyo anaingia uwanjani, anamvua jezi mbele ya macho ya wote, anaivaa yeye, na tangu siku hiyo namba ile haichezewi tena na mtu mwingine. Kuna akina mama pale mjini wanaokwenda sokoni na jezi hizo juu ya vitenge vyao, na hakuna muuza viazi anayethubutu kuwapunja.

Zamani wa kuitwa hawakuwa na idadi. Kisha ikaja siku ya Tusekile, beki mmoja mrefu, ambaye kwa kuogopa lawama alimwita mama yake mzazi pamoja na mama mkwe. Kila mmoja akashika upande wake akavuta. Jezi ikapasuka katikati: mama mkwe akaondoka na namba, mama mzazi akaondoka na jina la klabu, na Tusekile akabaki na fulana yake kwenye baridi ya Juni. Inasemekana wale kina mama mpaka leo hawaazimani hata ungo. Ndipo Mama Anyisile, mwenyekiti wa klabu, alipoweka sheria: jezi moja, mtu mmoja. Na mchezaji asipomwita mtu ndani ya dakika tatu, jezi inakwenda kuning'inia ofisini kwenye msumari, pembeni ya kalenda.

Basi mnaiona shida ya Atupele. Yeye hakukosa mtu wa kumwita. Alikuwa nao watatu, na shukrani yake kwa kila mmoja ilikuwa nzima, haikuwa theluthi.

Wa kwanza ni shangazi yake, Sekela. Mama yake Atupele alipofariki, baba alimpeleka mtoto kwa dada yake huko Uyole, akiwa na miaka saba. Kazi ya Shangazi Sekela ilikuwa matofali. Alifyatua, alichoma, na nyumba ilipopanda kupita usawa wa dirisha alikuwa miongoni mwa wanawake wanaopanga mstari chini na kuwarushia mafundi walio juu ya jukwaa. Ukiwaona hivi utadhani ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya macho na ya huruma, kwa sababu fundi aliye juu ana mwiko mkono mmoja, na tofali likimkosa mkono litampata jino.

"Shangazi, si nimtazame kwanza nione kama yuko tayari?" aliuliza Atupele siku ya kwanza aliyopewa tofali.

"Ukimtazama usoni utampiga usoni," alisema Sekela. "Tazama mahali mikono yake itakapokuwa. Na usilitupe kwa hasira. Lirushe lifike juu likiwa limechoka, alipokee bila kuumia."

Alipofika miaka kumi na minne Atupele alikuwa anarusha tofali mpaka ghorofa ya pili huku amegeuka anapiga soga na mtu mwingine, na fundi analipokea bila kukatiza wimbo. Msimamizi wa ujenzi alimpenda sana. Akamwambia Sekela, "Huyu niachie moja kwa moja. Shule anapoteza wakati tu."

"Huyu ni wa shule," alijibu Sekela. "Nafasi yake kwenye mstari nitaishika mimi."

Na kweli aliishika. Kwa miaka minne alisimama mahali pa watu wawili, akipokea kwa huyu na kumrushia yule, mpaka bega la kulia likakataa. Tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio. Kitambaa cha kichwani anafungwa na jirani. Ukimuuliza anasema bega lilizeeka, mabega nayo huzeeka, na anakutajia lingine la kuzungumza.

Huyo ndiye aliyempa Atupele mikono.

Wa pili ni Mwalimu Havijawa, mtu wa Tanga aliyepangiwa kufundisha jiografia kwenye shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji, na kwa miaka mingi akalalamikia baridi ya Mbeya bila kuomba uhamisho. Pamoja na jiografia aliifundisha timu ya netiboli ya shule, na katika timu hiyo nyota alikuwa nani? Atupele, kwa pasi zake zile zilizofika zimechoka. Shule nzima ilijua kombe la mkoa mwaka ule halina pengine pa kwenda.

Lakini Mwalimu Havijawa ujanani alikuwa amecheza kikapu, na kila alipomtazama yule binti alisononeka. Siku moja alimwita ofisini.

"Mwambene, netiboli inakufunga miguu. Nataka nikuhamishie kwenye kikapu."

"Kikapu sikijui, mwalimu."

"Najua hukijui. Nimekuuliza?"

Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Mnaojua netiboli mnajua kwamba ukidaka mpira unasimama palepale. Ukitembea nao ni kosa. Mafunzo hayo yalikuwa yamemwingia Atupele mpaka kwenye mifupa. Akapewa pasi nzuri, akadaka, akasimama wima na mguu mmoja hewani, akisubiri mtu wa kumpa. Binti wa timu pinzani akaja taratibu, akauchukua mpira mikononi mwake bila hata kuharakisha, akaenda kufunga. Ikatokea hivyo mara tatu. Mara ya tatu hata mwamuzi alicheka, akaziba mdomo kwa filimbi.

Mwalimu Havijawa hakucheka. Kesho yake alimkabidhi mpira mmoja na kumwekea amri: tangu leo huendi popote hapa shuleni bila kuudunda. Kisimani, ndoo kichwani, mpira unadunda. Bwaloni, sahani mkono wa kushoto, mpira unadunda mkono wa kulia, na wiki ijayo unabadilisha. Mpira ukikutoka, unarudi getini kuanza upya. Wasichana wengine walimzomea, maharage yalimwagika, na mara nyingi alifika darasani wenzake wamekwisha kuandika ukurasa mzima. Baada ya mwaka mmoja alikuwa hajui tena kwamba anaudunda. Miguu ilikwenda inakotaka na mpira ukafuata.

Na kombe la netiboli? Shule ilitolewa mapema, bila nyota wake. Mkuu wa shule akamnyang'anya Mwalimu Havijawa timu, na hakupewa timu nyingine mpaka alipostaafu. Kwa miaka kumi na tisa alizitazama timu za shule yake kupitia dirisha la chumba cha walimu. Atupele alikuja kuyajua haya muda mrefu baadaye, tena kwa mtu mwingine.

Huyo ndiye aliyempa Atupele miguu.

Wa tatu ni Ikupa Mwakalinga, na hapa mkae vizuri.

Ikupa na Atupele walikuwa rika moja, klabu moja, na nafasi moja uwanjani, ile ya anayepanga mchezo. Ndiyo kusema kila dakika aliyocheza mmoja, mwenzake alikuwa benchi. Waliheshimiana, kupendana kulikuwa bado. Walipokuwa na miaka ishirini na miwili alikuja mgeni kutoka klabu moja ya Maputo akitafuta mpanga mchezo mmoja. Akawachezesha siku mbili. Mwisho wa siku ya pili akamshika Atupele mkono, na Ikupa akaenda kukunja vifaa vyake. Watu waliokuwapo wanasema walikuwa sawasawa, na kwamba yule mgeni angekuja wiki nyingine angeweza kumchukua yule mwingine. Ikupa aliacha kikapu, akasomea tiba ya mazoezi ya viungo, akaajiriwa hospitalini.

Miaka sita ikapita. Katika msimu wake wa sita kule Maputo, Atupele aliruka, akatua vibaya, na kano ya goti la kushoto ikakatika. Alisikia mlio wake. Akapasuliwa, mkataba ukaisha bila kuongezwa, na akarudi Uyole na magongo mawili, akapanga chumba chake mwenyewe. Daktari alikuwa muungwana, akamwambia ukweli: kutembea utatembea, lakini kikapu usahau. Atupele akalala akageukia ukuta. Shangazi alimletea chakula asubuhi, mwalimu alikuja siku nyingine na machungwa, na wote wawili walimkuta ameutazama ukuta uleule.

Kisha siku moja mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Inua kisigino," alisema Ikupa.

"Nani amekuita wewe?"

"Hakuna. Inua kisigino. Leo hicho tu, halafu naondoka."

Atupele akainua kisigino, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini. Ikupa akaondoka kama alivyoahidi. Kesho akarudi wakainua mara mbili. Aliendelea kuja kila siku akitoka kazini, miezi kumi na mmoja, na hakuwahi kusema neno moja tamu. Alihesabu tu. Moja, mbili, tatu, usidanganye, tatu. Walitoka kwenye kisigino wakaenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti wakaenda kwenye ngazi za kanisa, na kutoka kwenye ngazi wakaenda kwenye miteremko ya Loleza, Atupele akilia na Ikupa akihesabu. Siku Atupele aliporuka kwa mara ya kwanza akatua na goti likakubali, Ikupa alikaa chini kwenye majani, akafunika uso kwa mikono.

Kitu kimoja Ikupa hakukisema. Mwezi uleule alioanza kuja, alikuwa amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea shahada, mtu mmoja tu katika hospitali nzima. Aliandika barua ya kuiacha nafasi hiyo, kwa sababu goti lile lisingeweza kumsubiri. Nafasi ya kwanza Atupele aliichukua kwake bila kukusudia. Ya pili Ikupa aliitoa mwenyewe, na haikurudi tena.

Huyo ndiye aliyempa Atupele miguu ile mara ya pili, pamoja na moyo wa kuitumia.

Mnataka kujua kama ilifaa kitu? Atupele alicheza Kigali misimu miwili, na Maputo ikamwita tena. Akiwa na miaka thelathini na mitatu alisimama kwenye fainali ya ligi, zimebaki sekunde nane, timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Akapita katikati ya mabeki wawili akidunda mpira bila kuutazama. Akakanyaga breki kwa goti la kushoto, lile lile, mabeki wakapitiliza. Na bila kumtazama mtu, akaurusha mpira mahali ambapo mikono ya mwenzake ingekuwa baada ya nukta moja. Mikono ikafika. Mpira ukafika umechoka. Ubingwa ukapatikana.

Sasa chukua mchezo huo uondoe mtu mmoja. Ondoa wa matofali, pasi inakwenda kwa watazamaji. Ondoa wa bwaloni, hafiki hata pale. Ondoa wa kisigino, yuko Uyole anatazama ukuta. Atupele mwenyewe alizipiga hesabu hizo mara nyingi, na kila mara zilitoka vilevile.

Ilipobaki siku mbili kabla ya kuaga, aliamua kuwatembelea wote, akiamini mmoja wao atasema neno litakalomrahisishia. Maskini.

Shangazi Sekela alikuwa anapepeta mchele. Hakumzungusha.

"Niite mimi," alisema. "Najua wapo wengine, na sijui waliyoyafanya. Lakini mimi naitaka. Sijawahi kukuomba kitu, sasa nakuomba. Itabidi upige magoti ndipo mkono wangu ukufikie."

"Nitapiga, shangazi."

"Sijasema uahidi. Nimesema naitaka."

Kwa Mwalimu Havijawa alikaribishwa chai ya tangawizi, na mwalimu alizungumza habari za mahindi, za mjukuu, za barabara mpya. Juu ya jezi hakusema hata herufi. Lakini mlangoni palikuwa na viatu vipya vyeupe vya raba, bado na karatasi ndani, na mjukuu akaropoka kwamba bibi amewaalika walimu wastaafu sita waje Jumamosi uwanjani. Mwalimu akamtuma mjukuu akafunge kuku.

"Shikamoo, mwalimu, nakwenda," alisema Atupele.

"Marahaba, Mwambene. Lala mapema. Mchezo wa mwisho nao ni mchezo."

Ikupa alimkuta akitoka wodini. Walisimama ukutani, penye kijua.

"Usiniite," alisema Ikupa kabla hajaulizwa.

"Kwa nini?"

"Watu watasema nimepewa ya kufutia machozi, kwa ile ya Maputo. Nilikutibu kwa sababu ni kazi yangu. Ukiniita sisimami, Atu, utaaibika bure."

Atupele akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Na bado, mambo ya ajabu, alikuwa na furaha. Alikuwa anatembea peke yake barabarani akitabasamu, kwa sababu ni watu wangapi duniani wana shida ya namna hiyo, ya kuwa na watu wengi mno wa kushukuru?

Jumamosi ikafika, na baridi yake na ukungu wake, uwanja ukiwa umejaa. Malkia wa Loleza walicheza na wageni kutoka Iringa, wakashinda kwa pointi nne, na Atupele alitoa pasi kumi na moja. Kengele ya mwisho ilipolia, makelele yakanyamaza yenyewe. Kwenye benchi la mbele walikaa wanawake watatu: Sekela na kitenge kipya, Havijawa na raba nyeupe, Ikupa na sare ya kazi, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu na alikuwa na zamu ya kurudia. Mama Anyisile akampa Atupele kipaza sauti, akatazama saa yake. "Dakika tatu, mwanangu."

Atupele alikuwa amejiandalia hotuba. Hotuba ikamkimbia. Basi akafanya alichoweza, akasimulia. Alisema, "Wapo wanawake watatu hapa, na kila mmoja hajui habari za wenzake." Akasimulia habari ya mstari wa matofali na bega. Akasimulia timu iliyonyang'anywa na dirisha la chumba cha walimu. Akasimulia barua iliyoandikwa kuiacha shahada, ambayo yeye mwenyewe aliisikia miaka minne baadaye kutoka kwa muuguzi mmoja. Alisimulia kwa kifupi, na kwa kila mmoja alisema neno moja la nyumbani, "Ndaga," yaani asante, kwa sababu maneno ya Kiswahili yalikuwa yamemwishia.

Pale benchi wale wanawake walikuwa wanatazamana kwa mara ya kwanza.

Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini. Shangazi Sekela, aliyeitaka jezi waziwazi, aliinuka. Watu wakadhani ameitwa. "Atu," alisema kwa sauti ya kusikika jukwaa zima, "mimi basi. Nilikuwa sijui. Wape hawa." Akakaa, akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na mkono wake wa kushoto ukaenda ukamshika Mwalimu Havijawa mkono.

Mwalimu Havijawa hakusema kitu. Alikuwa hajasema kitu tangu mwanzo, na sasa alikuwa amekaa wima, miguu pamoja, akimtazama mwanafunzi wake kwa tabasamu ambalo lisingeweza kumwambia mtu lolote. Nyuma yake wale wastaafu sita walikuwa wameshikana mabega.

Na Ikupa, aliyekuwa amekaa hatua tatu tu kutoka mahali Atupele alipokuwa amesogea akisimulia, aliinama mbele. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Miaka kumi na minne Atupele alikuwa hajapata kumwona akilia waziwazi.

"Atu," alisema, taratibu, kwa wao wawili. "Juzi nilikudanganya. Naitaka."

Sekunde thelathini.

Msikimbilie kujibu. Mkiulizwa wafyatua matofali watasema ni Sekela, kwa kuwa alikuwa wa kwanza, na bila wa kwanza hakuna wa pili. Tena mtu aliyeweza kuitamani jezi kiasi kile kisha akaiachia, nani mwingine anastahili? Mkiulizwa walimu, mnajua watakavyosema: mwenye kunyamaza asiadhibiwe kwa kunyamaza kwake, eti kwa kuwa hakuomba basi apitwe kama alivyopitwa miaka kumi na tisa. Na wauguzi wote wapo upande wa Ikupa, aliyepoteza mara mbili, na aliyepata ujasiri wa kutaka kitu mbele ya mtu aliyewahi kumshinda. Yupo pia mjanja mmoja kila kikao, atasema Atupele aache muda uishe jezi iende kwenye msumari, asimuumize mtu. Huyo akae nyuma kabisa. Hakwenda Atupele katikati ya uwanja ule kuishukuru kalenda.

Mama Anyisile ameinua mkono, anahesabu kumi za mwisho kwa vidole. Kipaza sauti kiko mdomoni. Atupele amevuta pumzi, na wote watatu wanamtazama, na anawapenda wote watatu, na nafasi ya jina ni moja tu.

Ungekuwa wewe ndiye Atupele, ungemwita nani?